Picha Iliyokataliwa Nizon

Mwaka 1888, majira ya joto yalipokuwa yakiisha, watu watatu walibeba picha moja wakapita njia ya mashamba toka mji mdogo wa Pont-Aven mpaka kijiji cha Nizon, katika nchi ya Bretagne, upande wa magharibi wa Ufaransa. Wote watatu walikuwa wachoraji, tena mifuko yao ilikuwa mitupu. Aliyeichora picha ile aliitwa Paul Gauguin. Wenzake walikuwa Émile Bernard na Charles Laval. Hawakwenda kuiuza. Walikwenda kumpa padri wa Nizon bure, ili aitundike katika kanisa lake la mawe. Padri akaitazama, akauliza maana yake, akakataa. Wakaiinua tena, wakarudi nayo walikotoka.

Leo picha hiyo inatunzwa Edinburgh, katika nchi ya Scotland, na watu wanatoka mbali kwenda kuiona. Jina lake ni Maono baada ya Mahubiri. Wengine huiita Yakobo Akipigana na Malaika. Wenye kujua historia ya sanaa wanaihesabu kati ya zile chache zilizogeuza njia ya uchoraji wa Ulaya.

Sisi watu wa kanisa kisa hiki kinatuhusu kuliko wengine. Ndani yake mna mahubiri, mna waumini walioyasikia, mna mtu aliyelelewa seminarini, na mna padri mmoja wa parokya aliyepaswa kukata shauri kwa muda mfupi mbele ya kitu asichokizoea. Waandishi wa mambo ya sanaa wakisimulia habari hii, kwa desturi humcheka yule padri. Sisi hatutamcheka upesi namna hiyo. Kwanza tutazame ni nani aliyeleta zawadi, na zawadi yenyewe ilikuwa kitu gani.

Gauguin alizaliwa Paris tarehe 7 Juni 1848. Mwaka uliofuata jamaa yake ilipanda meli kwenda Peru, kwenye ukoo wa mama, na baba, aliyekuwa mwandishi wa gazeti, alifia njiani. Mtoto akakaa Lima miaka yake ya kwanza, akisema Kispania. Waliporudi Ufaransa alitiwa shuleni, na mwaka 1859, akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, aliingia seminari ndogo ya La Chapelle-Saint-Mesmin, karibu na mji wa Orléans. Alikaa pale mpaka mwaka 1862.

Jambo hili watu hulipita haraka, lakini kwa wasomaji wetu ni neno kubwa. Seminari ile ilikuwa chini ya Askofu Félix Dupanloup wa Orléans, mtu aliyejulikana Ufaransa nzima kwa elimu yake juu ya kufundisha katekisimu. Dupanloup hakutaka watoto wajibu kama kasuku. Alitaka wafundishwe kuingia ndani ya roho yao, waone kwa macho ya moyo kile walichokisikia kwa masikio, tena waulizwe maswali yale ya kwanza: mtu anatoka wapi, na anakwenda wapi. Sasa tazameni. Mwaka 1897, katika kisiwa cha Tahiti, Gauguin alichora picha kubwa kuliko zote alizopata kufanya, yenye urefu wa mita tatu na robo tatu, akaandika katika pembe yake maswali matatu: tunatoka wapi, sisi ni nini, tunakwenda wapi. Siku hizo alikuwa ameacha sala tangu zamani, lakini maswali ya katekisimu hayakumwacha. Karibu na kufa kwake aliandika kwamba malezi ya seminari yalimfaa sana katika akili yake. Akaongeza kwamba huko ndiko alikojifunza kuchukia unafiki na uchongezi. Wanaolea vijana katika seminari zetu wafikiri nusu zote mbili za neno hilo.

Alipotoka shuleni alifanya kazi ya meli, kisha akaingia Paris katika biashara ya fedha, akapata mali. Mwaka 1873 alimwoa Mette Gad, mwanamke wa Danemarki, wakazaa watoto watano. Kuchora kulikuwa kazi yake ya siku ya Jumapili. Lakini mwaka 1882 biashara ile ilianguka, naye akachagua kuishi kwa kuchora tu. Umaskini ukaingia nyumbani, mke akarudi kwao Copenhagen na watoto, na mwishowe jamaa ikatengana. Tunalitaja sasa jambo hili ili asiwepo mtu wa kudhani kwamba tunasimulia maisha ya mtakatifu.

Alikwenda Pont-Aven mara ya kwanza mwaka 1886, kwa sababu maisha ya pale yalikuwa rahisi na mwenye nyumba ya wageni, mama Gloanec, alikubali kukopesha wachoraji. Lakini kulikuwa na kitu kingine kilichomvuta. Watu wa Bretagne walikuwa na lugha yao, mavazi yao, watakatifu wao wasiojulikana mahali pengine, na imani iliyoshika maisha yote kama mizizi inavyoshika udongo. Kila parokya ilikuwa na sikukuu inayoitwa pardon, maana yake msamaha. Watu walikuja toka mbali kwa miguu, wakapokea sakramenti ya kitubio, wakasikia Misa na mahubiri, wakafanya maandamano na bendera za watakatifu. Kisha, ibada ilipokwisha, ulikuwa wakati wa kula na kucheza ngoma, na vijana walishindana mieleka uwanjani mbele ya watu wote. Mshikeni vizuri mambo haya mawili pamoja, mahubiri asubuhi na mieleka nyuma yake, maana bila hayo picha yetu haitasomeka.

Sasa tuitazame. Si kubwa sana: sentimeta sabini na mbili kwenda juu, tisini na moja kwa upana. Mbele kabisa, karibu nasi hata tungeweza kuwagusa mabega, kuna wamama wa Bretagne waliovaa nguo nyeusi na vilemba vyeupe vya kitani. Wengi wametupa mgongo. Wengine tunawaona uso kwa upande. Macho yao yamefumba au yameinama, mikono imekunjwa kwa sala. Shina la mti limekata picha toka upande mmoja mpaka mwingine kwa mshazari, kama mpaka uliowekwa na mtu. Ng’ombe mmoja, mdogo kuliko inavyostahili, anasimama kushoto. Na ng’ambo ya mti, juu upande wa kuume, watu wawili wadogo wamekamatana kwa nguvu: mmoja ana mabawa ya rangi ya dhahabu na vazi la samawati kali, mwingine amevaa kijani cha giza. Ndio malaika na Yakobo. Uwanja wote unaowazunguka si wa majani wala wa udongo. Ni mwekundu, mwekundu wazi, toka mwanzo mpaka mwisho, bila kivuli.

Kisa cha Yakobo twakijua katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 32. Yakobo anarudi toka kwa Labani na mali yake, anaogopa uso wa ndugu yake Esau. Usiku amevusha wake zake na watoto wake mto wa Yaboki, akabaki peke yake; na mtu asiyemjua akashindana naye mpaka alfajiri. Yakobo anapigwa penye nyonga, lakini hamwachi yule mtu kabla hajapata baraka. Asubuhi ana jina jipya, Israeli, naye anachechemea.

Mafundi wengi wa Ulaya walikuwa wamekwisha kukichora kisa hiki. Ndani ya Paris, katika kanisa la Saint-Sulpice, kuna picha yake iliyochorwa ukutani na Eugène Delacroix, ikakamilishwa mwaka 1861. Delacroix alifanya kama wote walivyofanya: aliweka Yakobo na malaika mbele yetu, chini ya miti mikubwa, kana kwamba tumefika kwenye mto wa Yaboki usiku ule. Gauguin hakufanya hivyo. Jambo alilochora hasa ni wale wamama. Yakobo na malaika hawapo Bretagne, wala hawapo Palestina. Wapo ndani ya mawazo ya watu waliotoka kusikia mahubiri. Ndiyo sababu wamama wamechorwa kwa kipimo cha kweli na washindani ni wadogo mno. Ndiyo sababu majani ni mekundu, maana hakuna mwenye kulima shamba lile, wala hakuna mvua inayonyesha juu yake.

Haya si mafumbo tunayoyatunga sisi. Gauguin mwenyewe alimweleza rafiki yake Vincent van Gogh katika barua ya mwezi wa Septemba 1888, akimtajia rangi moja moja na kumwambia kwamba shamba lile na mapigano yale yanaishi tu katika fikira za watu wanaosali baada ya mahubiri.

Na tuangalie jambo moja zaidi. Walipofunga macho na kumfikiri Yakobo, wamama wale hawakumwona kama Wayahudi wa kale walivyomwona. Walimwona kama vijana wa kijiji chao wakishikana kiunoni siku ya pardon. Neno la padri liliingia masikioni, likatafuta humo ndani kitu cha kuvaa, likavaa nguo za mieleka ya Bretagne. Kila mhubiri angependa kujua kinachotokea katika vichwa vya watu anaposhuka mimbarani. Kwa kawaida hatuoni neno. Tunaona migongo, watu wakitoka. Katika picha hii mhubiri naye yupo, lakini lazima umtafute: yuko pembeni kabisa chini, upande wa kuume, upara wa kipadri kichwani, ukingo wa picha umemkata nusu. Hasemi tena. Ameinama kama wale wamama. Wengine wanasema uso ule ni wa Gauguin mwenyewe. Tutarudi kwa neno hilo.

Namna ya kuchora ilikuwa mpya. Wachoraji waliomtangulia, walioitwa Waimpresyonisti, walikuwa na shabaha ya kukamata nuru kama jicho linavyoipokea saa ile ile: maji yanayong’aa, moshi, majani yanayotikisika. Gauguin alijifunza kwao, kisha akawaacha, akisema wanatafuta penye jicho, si penye kiini cha fikira. Akaanza kupaka rangi pana, tambarare, zenye kuzungushiwa mstari wa giza, kama madirisha ya vioo vya rangi katika makanisa ya kale. Alichukua pia kwa Wajapani: picha zao zilizopigwa chapa zilikuwa zimejaa Paris siku zile, na mti ule wa mshazari na washindani wale vinafanana na kazi za Hiroshige na Hokusai. Mwaka 1910 Mwingereza mmoja, Roger Fry, alipoonyesha London kazi za Gauguin, za Van Gogh na za Cézanne, alihitaji jina la kuwaita wote pamoja, akawaita waliokuja nyuma ya Waimpresyonisti. Jina hilo ndilo wanaloitwa mpaka leo, ingawa lenyewe halisemi kitu.

Émile Bernard alikuwa na miaka ishirini tu alipofika Pont-Aven mwezi wa Agosti 1888. Alikuwa Mkatoliki mwenye bidii na kichwa kilichojaa mafikiri. Siku zile alichora wamama wa Bretagne katika uwanja wa kijani, vilemba vyeupe, mistari ya giza, bila anga wala upeo. Baadaye alilalamika maisha yake yote kwamba Gauguin alimwibia njia yake. Kuna kweli katika malalamiko hayo: namna ya kupaka rangi ilikuwa yake kwanza. Lakini katika picha ya Bernard wamama wanasimama tu uwanjani, hakuna anayeona kitu. Maono hayamo. Hayo yaliletwa na yule mwingine, yule mzee wa miaka arobaini aliyewahi kukaa chini ya katekisimu ya Dupanloup.

Basi tufike Nizon. Gauguin alitamani kuiona picha yake ndani ya kanisa, katikati ya mawe ya kale na sanamu za mbao zilizochongwa na mafundi wa kijiji, apate kujua kama itasimama karibu nazo. Alifikiri kwanza kanisa la Pont-Aven, akaona kwamba huko hawatamkubali. Bernard, aliyeandika habari hizi miaka mingi baadaye, asimulia kwamba walipofika Nizon padri alidhani kwamba wachoraji hawa wanamfanyia mzaha, tena akasema kwamba watu wake hawataielewa.

Je, alikosa? Tumefikiri sana juu ya jambo hili, na maoni yetu ni kwamba sababu yake moja ilikuwa mbaya, na kulikuwa na sababu nyingine nzuri ambayo labda aliihisi bila kuwa na maneno ya kuitamka.

Sababu mbaya ni ile ya kwamba watu hawataelewa. Nani aliwauliza? Kama kulikuwa na watu duniani wa kuielewa picha ile, ni wale wamama wenye vilemba vyeupe. Watu wa Paris walihitaji kuelezwa kwa nini Yakobo anashika mwenzake namna ile. Mtoto wa Nizon angeona mara moja, maana ndivyo kaka yake alivyoshika. Mara nyingi mchungaji husema kwamba kondoo hawataelewa, kumbe ni yeye mwenyewe aliyeshindwa kuelewa, na kondoo hawakupata nafasi ya kujaribu. Makatekista wanaosoma ukurasa huu, wao wanaokaa na watu vijijini kuliko sisi, wanajua jinsi wazee wasiosoma wanavyoweza kuona ndani ya mfano wa Injili vitu ambavyo mhubiri hakuvitia.

Lakini sababu nzuri ipo. Kitu kinachotundikwa kanisani kinatundikwa ili kisaidie sala. Msalaba unamgeuza mtu kwa Kristu. Sanamu ya mtakatifu inamgeuza mtu kwa mtakatifu, na kwa njia yake kwa Mungu. Picha hii inamgeuza mtu kwa nani? Inamgeuza kwa watu wanaosali. Mwenye kuitazama anasimama nyuma ya wamama, anawatazama wakiona, naye mwenyewe si mmoja wao. Katika barua ile ile kwa Van Gogh, Gauguin alijisifu kwamba amefaulu kutia katika wamama wale unyofu mkubwa wa watu wa mashamba, unyofu wa ushirikina. Neno hilo la mwisho ndilo zito. Yeye anawaletea watu wa Nizon zawadi, lakini nyuma yao, kwa rafiki yake, imani yao anaiita hivyo. Aliipenda imani ile kama mtu anavyopenda wimbo wa kabila lisilo lake: aliona uzuri wake, alitaka kuuchukua, hakutaka kuingia.

Twajua kwamba padri wa Nizon hakuisoma barua hiyo. Lakini mtu aliyezoea kuketi katika kiti cha maungamo, tena akawaona wageni wa mjini wakija kila mwaka kuwachora Wakristu wake wakipiga magoti, anaweza kunusa jambo ambalo hajaambiwa.

Na ule uso wa padri pembeni? Kama ni wa Gauguin kweli, basi alijivika upara usio wake na kukaa mahali pa mtu aliyehubiri. Mwaka 1891 mwandishi Albert Aurier alichapisha Paris maneno marefu ya kumsifu, akianza na picha hii, akamfanya Gauguin kama nabii wa sanaa mpya inayochora mawazo badala ya vitu. Hapo tunaona hatari iliyokuwa ndani tangu mwanzo: msanii anachukua kiti cha kuhani, na maono yanabaki, lakini Yule aliyemtuma malaika hatajwi tena. Hata hivyo, tuseme haki. Mkono wa mtu unaweza kusema kweli kuliko moyo wake. Wamama wale hawakuchorwa kwa kuchekwa. Uzito wao, utulivu wao, namna wanavyoinama, ni vya mtu aliyewaheshimu angalau kwa muda ule aliposhika burashi.

Mambo yaliyofuata twaweza kuyapita kwa haraka. Picha ilipelekwa Paris kwa Theo, ndugu ya Van Gogh, aliyefanya biashara ya picha. Mwezi wa Februari 1889 ilionyeshwa Bruxelles pamoja na kazi za kikundi kilichoitwa Les XX, na wengi waliicheka. Mwezi wa Februari 1891 Gauguin aliuza kazi zake kwa mnada ili apate nauli ya kwenda Tahiti. Maono baada ya Mahubiri ilipata franka 900, bei kubwa kuliko nyingine zote siku ile. Mwaka 1925 nyumba ya picha ya Edinburgh iliinunua.

Baada ya kukataliwa, Gauguin hakuziacha sanamu za makanisa ya Bretagne. Mwaka 1889 alikwenda kwenye kikanisa cha Trémalo, juu ya Pont-Aven, ambapo kuna msalaba wa mbao wa karne ya 17, akamchora yule Kristu kwa rangi ya manjano, juu ya mashamba, na wamama wamepiga magoti chini yake. Picha hiyo iko Buffalo, katika Marekani. Na mwaka huo huo alichukua msalaba wa mawe ulio mbele ya kanisa, wenye Kristu aliyeshushwa na wanawake watakatifu wanaomlilia, mawe yaliyoota kuvu, akauchora katika picha inayoitwa Kristu wa Kijani, ambayo iko Bruxelles katika nyumba ya picha ya Serikali. Msalaba huo wa mawe ulikuwa wapi? Ulikuwa Nizon, mlangoni mwa padri aliyemkataa.

Juu ya maisha yake ya mwisho, hatuna ruhusa ya kunyamaza, maana siku hizi sifa ya picha zake huwafanya watu wasahau wengine walioteseka. Huko Tahiti, toka mwaka 1891, na katika visiwa vya Marquises, toka mwaka 1901, aliishi na wasichana wadogo, wengine wakiwa na umri wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne tu. Katika Atuona alihudhuria Misa kwa muda ili misioni imuuzie kiwanja. Alipokwisha kukipata hakuonekana tena kanisani. Alimtoa msichana mmoja katika shule ya masista, akawashawishi wazazi wasipeleke watoto wao huko. Askofu Joseph Martin alimpinga, naye akachonga sanamu ya mbao ya kumdhihaki, akaisimamisha mlangoni pake. Alikufa tarehe 8 Mei 1903, akazikwa katika makaburi ya Wakatoliki juu ya kilima. Askofu aliandika habari ya kifo chake kwa maneno machache: msanii mwenye jina, adui wa Mungu na wa kila jambo la heshima. Ni maneno makali, lakini askofu yule alikuwa na watoto wa shule mbele ya macho yake, si picha.

Lakini mbegu haiulizi mkono ulioitupa. Katika wiki zile zile za vuli ya mwaka 1888, kijana mmoja, Paul Sérusier, alichora chini ya maongozi ya Gauguin ubao mdogo wa rangi safi katika msitu wa Pont-Aven, akaupeleka Paris kwa wenzake. Kati ya wenzake hao alikuwako Maurice Denis, Mkatoliki wa sala, aliyetumia maisha yake yote kupamba makanisa, na ambaye mwaka 1919 alianzisha pamoja na George Desvallières karakana za sanaa takatifu mjini Paris. Alikuwako pia Mholanzi Jan Verkade, aliyezaliwa katika jamaa ya Waprotestanti na kukua bila kushika dini. Verkade alimjua Gauguin katika Paris mwaka 1891, akaifuata njia ya Bretagne kwa ajili ya rangi, akawaona watu wale wale wakisali. Yeye aliingia. Mwaka 1892 alibatizwa Vannes, katika nchi hiyo ya Bretagne. Baadaye akawa mtawa wa Mtakatifu Benedikto huko Beuron, Ujeremani, akaitwa Willibrord, na mwaka 1902 alipewa upadri. Watu wawili, nchi moja, wamama wale wale mbele yao: mmoja alichukua picha, mwingine akapiga magoti.

Mwaka 1963 Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulitoa katiba juu ya liturjia, na humo Mababa walisema kwamba Eklezya haikuchagua namna moja ya sanaa iwe yake, bali inapokea ya kila taifa na ya kila wakati; wakasema pia kwamba maaskofu wana wajibu wa kuondoa makanisani kazi zisizopatana na imani na uchaji. Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei 1964, Papa Paulo VI aliwaita wasanii katika kikanisa cha Sistina, akaungama mbele yao kwamba watu wa Eklezya nao waliwaumiza, akawaomba urafiki urudi. Tukiweka maneno haya yote mbele ya mlango wa Nizon, hatuoni kwamba yanamhukumu yule padri wala kwamba yanampa haki yote. Angeweza kuuliza zaidi. Angeweza kusema: iacheni hapa Jumapili moja, katika nyumba ya mapadri kama si kanisani, wamama waione wakitoka Misa, kisha mje mniulize. Hakusema hivyo, na kwa hiyo hatutajua kamwe wamama wa Nizon wangesema nini juu ya migongo yao wenyewe na uwanja mwekundu.

Msalaba wa mbao ungali unaning’inia Trémalo. Ule wa mawe ungali unasimama Nizon, kijani chake kikiongezeka kila mvua inaponyesha. Wageni wanaokuja kuutazama wanashika mkononi picha ndogo ya kazi ya Gauguin, wanalinganisha, wanageuka kurudi. Na mara nyingine mwenye kijiji anapita kati yao, anafanya ishara ya msalaba, anaingia kanisani.